Kompyuta ya sebuleni isisubiri baba arudi ndipo iwashwe

Dar es Salaam. Ni saa 12:30 jioni katika nyumba moja ya Tabata. Mama wa nyumba, ambaye ni muuguzi, ameshaondoka kwenda zamu ya usiku. Baba ni dereva wa lori na siku hiyo yupo njiani kuelekea Tunduma. Nyumbani amebaki bibi na wajukuu watatu: wa kiume mwenye miaka 11, wa kike mwenye miaka saba na kitinda mimba wa miaka miwili.

Runinga imewaka, lakini kioo ni cheusi. Kompyuta iliyounganishwa nayo, ambayo ndiyo yenye katuni, muvi zilizotafsiriwa na video zote za familia, imezimwa. Baba aliificha ndani ya kabati, nyuma ya runinga, ili mdogo asiichokonoe. Kitufe cha kuwashia kipo huko huko. Anayetaka kukifikia lazima apitishe mkono katikati ya waya, na mkono unaopita pale ni wa mtu mmoja tu, yule wa miaka 11.

Naye analijua hilo.

Akiombwa awashe, anatoa masharti: katuni zake kwanza. Dada yake analia, bibi anasuluhisha. Muda wa kulala ukifika, wa kuizima ni yeye tena, kwa hiyo kulala kunasogea hadi saa anayoitaka yeye. Bibi aliyelea watoto sita na kuwafikisha wote ukubwani anajikuta anambembeleza mjukuu.

Kuna video moja ambayo bibi huyo anaipenda kuliko zote. Ni ya harusi ya binti yake wa mwisho mwaka 2009, ambamo marehemu mumewe anaonekana akicheza, kofia mkononi. DVD yenyewe ilishachubuka, lakini kabla haijaharibika kabisa ilinakiliwa kwenye kompyuta hiyo. Mkwewe alikuja kugundua kwa bahati tu kwamba bibi ana miezi miwili hajaitazama. Alipomuuliza, jibu lilikuwa fupi: hataki kumsumbua mtoto.

Hapo suala la rimoti likaacha kuwa mambo ya starehe.

Nyumba zenye hali kama hii si chache. Kompyuta ndogo za mezani zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani zinauzwa Kariakoo na kwenye maduka ya mitumba ya vifaa mikoani, na wazazi wengi wamegundua kwamba ukiifunga moja kwenye runinga kwa waya wa HDMI unapata hazina ya filamu isiyohitaji bando kila siku. Wengine wanatumia kompyuta mpakato ya zamani iliyovunjika kioo. Kinachosahaulika ni swali la mwisho: nani ataiwasha wakati aliyeifunga hayupo?

Runinga hailali kabisa

Watu wengi hudhani runinga inawashwa na rimoti kwa sababu ina nguvu fulani ambayo kompyuta haina. Ukweli ni kwamba runinga ikizimwa kwa rimoti haizimiki yote. Kale kataa kekundu kanakobaki kikiwaka chini ya kioo ni dalili kwamba sehemu ndogo ndani bado ina umeme, na kazi yake ni kusikiliza tu. Ukibonyeza rimoti, taa ndogo iliyopo mbele yake inapepesa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Sehemu ile inayosikiliza inaupokea na kuiamsha runinga nzima.

Jicho halioni, lakini kamera ya simu mara nyingi inaona. Mzazi anayesoma hapa kwenye simu anaweza kujaribu sasa hivi: fungua kamera, hasa ile ya mbele, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, kisha bonyeza kitufe chochote. Ukiona nukta ya rangi ya zambarau au nyeupe inapepesa, rimoti ni nzima. Isipoonekana, badilisha betri kabla hujamlaumu mtoto kwamba ameiangusha.

Kompyuta nyingi za ofisini, kwa upande wake, hazikuumbwa na jicho la kupokea mwanga huo. Zilitengenezwa zikae mezani, mtu akiwa amekaa mbele yake. Ndiyo maana kinahitajika kidude kidogo cha kuchomeka kwenye USB, yaani kipokezi.

Vipokezi vipo vya aina mbili. Cha kwanza ni cha infraredi, ambacho kinataka kionwe na rimoti, kwa hiyo hakifai kuchomekwa nyuma ya kabati bila waya wa kukirefusha hadi mbele. Katika kundi hili kuna vinavyofundishika, kama Flirc, ambavyo unavionyesha vitufe vya rimoti yoyote uliyonayo, hata ya king'amuzi kilichokufa, vikavikumbuka.

Cha pili ni cha mawimbi ya redio. Hiki huja pamoja na rimoti yake, mara nyingi yenye vitufe vya herufi kwa nyuma, na huuzwa zaidi kwa ajili ya visanduku vya Android. Kinapenya hata mlango wa kabati, na kompyuta hukichukulia kama kibodi ya kawaida. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo na kompyuta iliyofichwa, hiki ndicho rahisi zaidi. Kina kasoro moja ya kuuliza dukani kabla ya kulipa: katika rimoti nyingi za aina hii, kitufe chekundu cha kuwashia hakitumi mawimbi ya redio kabisa, kinatuma infraredi kwa ajili ya runinga. Mtu anakibonyeza siku nzima kompyuta isiitike, akadhani ameuziwa kibovu.

Kulala si kuzimwa

Mama wa Tabata alinunua hicho cha mawimbi ya redio, akakichomeka, na kikafanya kazi vizuri kompyuta ikiwa imewaka. Akaizima, akabonyeza rimoti. Kimya.

Kosa hili ndilo linalowarudisha wengi nyuma. Kompyuta ikizimwa kabisa, mashine nyingi hazikisikilizi tena kilichochomekwa kwenye USB. Ni sawa na kumpigia simu mtu aliyezima simu yake. Zipo chache zinazoweza kuwashwa kwa kibodi hata zikiwa zimezimwa, lakini kuzitegemea ni kubahatisha.

Dawa ni kutoizima. Ilazwe.

Kompyuta iliyolala huzima kioo, feni na diski, ikabakiza umeme kidogo kwenye kumbukumbu yake na kwenye matundu ya USB. Ikiguswa, inaamka ndani ya sekunde chache ikiwa pale pale ilipoachwa. Hofu ya wazazi huwa ni LUKU, na ni hofu ya haki, ila hesabu yenyewe haitishi. Kompyuta ndogo iliyolala hutumia wati moja hadi mbili hivi. Ukichukua wati mbili kwa saa 24 kwa siku 30, unapata uniti moja na nusu hivi kwa mwezi. Ikiachwa macho bila kazi yoyote, tuseme kwa wati 15, ni karibu uniti 11. Kinachokula umeme ni kuisahau ikiwa macho, jambo ambalo hutokea sana pale ambapo kuizima ni kazi ya kuingiza mkono kabatini.

Kuna sehemu tatu za kugusa ili usingizi na kuamka viende sawa.

Ya kwanza ipo ndani ya Windows. Fungua Device Manager, tafuta kipokezi kwenye orodha ya kibodi, ingia kwenye sifa zake, sehemu ya umeme, kisha weka tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu kifaa hicho kuiamsha kompyuta. Kama kuna kibodi tatu kwenye orodha na hujui ipi ni ipi, kichomoe kipokezi uone ipi inapotea.

Ya pili ni mipangilio ya umeme. Hapo unaiambia kompyuta ilale yenyewe ikikaa muda fulani bila kutumika, dakika 30 zinatosha, na kwamba kitufe cha kuwashia kikibonyezwa ilale badala ya kuzimika. Wakati uko humo, ondoa sharti la kuandika nywila kila inapoamka, la sivyo bibi ataamsha kompyuta akutane na mlango mwingine umefungwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kompyuta ya sebuleni isiwe na barua pepe za kazini, nyaraka za benki wala picha za faragha. Itengenezewe akaunti ya familia isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu, basi.

Ya tatu ni BIOS, na hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani hawafiki. Ni ile menyu inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe mara tu kompyuta inapowashwa: F2 kwa Dell, F10 kwa HP nyingi za mezani, F1 kwa Lenovo ThinkCentre. Ndani yake kuna kipengele cha kuruhusu USB iamshe kompyuta, ambacho kinatakiwa kiwe kimewashwa, na kingine cha usingizi mzito wa kubana umeme, ambacho kinatakiwa kizimwe kwa sababu hukata umeme wa USB. Kwenye Dell za OptiPlex vinaitwa USB Wake Support na Deep Sleep Control. Kampuni nyingine zina majina yao, lakini maana ni ileile. Fundi atakayesema haiwezekani, muulize kwanza kama ameifungua BIOS.

Kompyuta mpakato nazo hufuata njia hii, ikiongezwa kwamba lazima uiambie isifanye lolote kifuniko kikifungwa. Nyingine za miaka ya karibuni zinalala kwa mtindo tofauti na zinaweza zisiitike kwa USB, kwa hiyo jaribu kabla ya kununua kipokezi: ilaze, kisha bonyeza kitufe cha kibodi ya kuazima. Ikiamka, na rimoti itaiamsha.

Umeme ukikatika

Jumamosi ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Jumatatu umeme ukakatika saa tisa mchana, ukarudi saa kumi. Jioni bibi akabonyeza rimoti, hakuna kitu. Mjukuu akaitwa, mkono ukaingia kabatini, masharti yakarudi.

Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika ikiwa imelala, kile kilichokuwa kikishikilia usingizi wake kinakatika pia, na umeme ukirudi inakuwa imezimwa kabisa. Maelekezo mengi yanayozunguka kuhusu rimoti na kompyuta yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, na hayasemi lolote kuhusu hili.

Jibu lipo palepale BIOS. Karibu kila kompyuta ya ofisini ina kipengele kinachouliza ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika: ibaki imezimwa, irudi ilivyokuwa, au iwake. Kwenye Dell kinaitwa AC Recovery. Chagua iwake. Umeme ukirudi saa kumi, kompyuta itajiwasha yenyewe, itakaa zile dakika 30 bila kuguswa, kisha italala. Jioni bibi akibonyeza, inamsubiri.

Mpango huu unatatua pia ugomvi mwingine wa kimya unaozikuta nyumba nyingi, ule wa swichi ya ukutani. Wazee wengi, na wako sahihi, hawalali bila kuzima swichi zote, hasa radi zikipiga. Kompyuta iliyopangwa kuwaka umeme ukirudi haina shida na hilo, kwani swichi ikiwashwa asubuhi nayo inajiwasha na kulala. Kinachotakiwa kuzuiwa ni kuzima ukutani wakati filamu inacheza, maana hapo mafaili huweza kuharibika. Kanuni ambayo bibi wa Tabata alipewa ni ya sentensi moja: laza kwanza kwa rimoti, subiri feni inyamaze, ndipo uzime ukutani.

Hata hivyo, kuna usiku alioamka saa nane akasikia sebule inavuma. Taa zote zilikuwa zimezimwa, na kutoka ndani ya kabati kulikuwa na sauti kama ya mtu anayepumua. Hakwenda kuangalia hadi kulipokucha.

Ilikuwa ni feni ya kompyuta iliyoamka yenyewe. Mama alipofika kutoka kazini alifuata maelekezo ya fundi, akaandika amri ya powercfg /lastwake, ambayo huonyesha kilichoiamsha kompyuta mara ya mwisho. Mhusika alikuwa kipokezi, lakini kwa upande wake wa mausi. Rimoti za aina hii nyingi hutumika pia kama mausi, na ukiisogeza tu kompyuta inaona kishale kimetikisika. Rimoti ilikuwa imelala kwenye kochi, na paka alikuwa kwenye kochi hilo hilo. Tiki ya kuamsha ikaondolewa kwenye mausi, ikabaki kwenye kibodi peke yake. Kadi ya mtandao nayo ni ya kuondolewa tiki kama nyumba haina haja ya kuamsha kompyuta kwa mbali.

Mfuatano wa vitufe

Kuamka peke yake hakutoshi kama kinachofuata ni kioo chenye vialama arobaini vya kubonyeza kwa mausi. Programu nyingi zinaweza kufanya kazi ya kuonyesha filamu kwa rimoti, na inayotumika sana ni Kodi, ambayo ni ya bure. Ilianza kama kazi ya watu waliotaka kuigeuza mashine ya michezo ya Xbox iwe ya kuchezesha filamu, ikajulikana kwa jina la XBMC hadi mwaka 2014. Iwekwe ijifungue yenyewe kompyuta inapowaka, ijaze kioo kizima, na filamu zipangwe kwenye mafolda yenye picha. Asiyesoma vizuri bila miwani atatambua picha ya bwana harusi.

Kodi pia ina wasifu tofauti kwa watumiaji na namna ya kufunga baadhi ya mafolda kwa namba ya siri, kwa hiyo filamu za wakubwa si lazima ziwe macho kwa macho na mtoto wa miaka saba.

Inabaki runinga yenyewe, ambayo ina rimoti yake. Runinga nyingi za sasa zinaweza kuamshana na vifaa kupitia waya wa HDMI, utaratibu ambao Samsung huuita Anynet+ na LG huuita Simplink, lakini kompyuta nyingi za kawaida hazina uwezo huo upande wao. Njia nyepesi ni kukitumia kile kitufe chekundu kilichosumbua mwanzoni. Rimoti nyingi za mawimbi ya redio zina uwezo wa kukifundisha kitufe hicho ishara ya kuwashia runinga: unazielekeza rimoti mbili uso kwa uso na kufuata karatasi ya maelekezo. Kikishafunzwa, chekundu kinawasha runinga, na kitufe cha OK kinaamsha kompyuta. Vitufe viwili, rimoti moja. Mama alivipaka rangi ya kucha ili mkono uvijue hata taa ikiwa hafifu.

Jambo la kuangalia kabla ya yote

Rimoti ikishakuwa ya kila mtu, itashikwa na kila mtu, akiwemo wa miaka miwili anayepeleka kila kitu mdomoni. Hapa wazazi wasiwe na haraka.

Rimoti nyingi kubwa hutumia betri mbili za kawaida za AAA. Lakini zile nyembamba, na nyingi zinazokuja bure na spika au taa za mapambo, hutumia betri bapa ya mviringo inayofanana na sarafu. Ile yenye upana wa milimita 20 inatosha kukwama kwenye koo la chakula la mtoto. Ikikwama, haihitaji kupasuka wala kuvuja ili idhuru. Unyevu unakamilisha njia ya umeme, na kemikali inayotengenezwa pale inaunguza nyama. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Hata betri iliyoisha nguvu kiasi cha kushindwa kuendesha rimoti bado huwa na umeme wa kutosha kuunguza.

Ubaya ni kwamba mtoto anaweza asionyeshe dalili ya kukabwa. Anadondosha mate, anakohoa, anakataa kula au anakuwa na homa, na mzazi anadhani ni mafua. Rimoti ikionekana imefunguka na betri haipo, na hamjui ilipo, mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri dalili wala msimtapishe. Mwambieni daktari moja kwa moja kwamba huenda amemeza betri ya mviringo, ili apigwe picha ya eksirei bila kuchelewa.

Nchini Marekani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alifariki Desemba 2020 baada ya kumeza betri ya namna hii iliyotoka kwenye rimoti. Mama yake alipigania sheria, nayo ikapitishwa mwaka 2022 kwa jina la mtoto huyo, Sheria ya Reese. Inataka vifuniko vya betri hizo visifunguke kwa mkono wa mtoto. Rimoti zinazouzwa kwenye masoko yetu zinatoka kwingi, na si zote zilizotengenezwa kwa kufuata sharti hilo. Mnunuzi afungue kifuniko mwenyewe dukani. Kikitoka kwa ukucha tu, airudishe. Anayetaka usalama achague inayotumia AAA na yenye skrubu kwenye kifuniko.

Inafaa kukumbuka kwamba rimoti ziliwahi kuwepo bila betri. Zenith ya Marekani ilitoa mwaka 1955 rimoti iliyofanya kazi kama tochi, ikawa inasumbuliwa na mwanga wa jua. Mwaka uliofuata ikaleta nyingine, iliyobuniwa na Robert Adler, ambayo ndani yake kulikuwa na vinyundo vinavyogonga fimbo za aluminiamu na kutoa mlio usiosikika na binadamu. Haikuhitaji betri hata moja. Mtoto angeweza kuitafuna mchana kutwa.

Nani anashika rimoti

Mama alimaliza kazi yote kwa siku mbili za mapumziko, akiwa na simu mkononi na fundi upande wa pili. Baba alipopiga simu kutoka njiani akakuta mambo yamekwisha, na kwa mujibu wa mkewe, alichouliza kwanza ni kama waya zake zimeguswa.

Aliyehitaji maandalizi zaidi alikuwa kijana wa miaka 11. Alikuwa amezoea cheo. Mama hakumkemea. Alimpa kazi ya kumfundisha bibi, kwa sharti kwamba asiishike rimoti wakati wa kufundisha, aseme kwa mdomo tu. Somo lilichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza bibi alibonyeza kitufe kwa nguvu na kukishikilia, kama anavyobonyeza kengele ya geti, na kompyuta ikaamka na kulala hapo hapo. Jioni ya pili alilaza filamu katikati na hakujua imekwenda wapi. Ya tatu alifika mwenyewe hadi kwenye folda ya harusi, akaitazama hadi mwisho, mjukuu akiwa ameketi chini karibu na miguu yake akiuliza yule mzee mwenye kofia ni nani. Babu alifariki kabla yeye hajazaliwa.

Siku hizi saa 2:30 usiku kompyuta inalazwa. Kijana bado hujaribu kuomba dakika kumi za nyongeza, na siku nyingine anapewa. Rimoti ikishamaliza kazi inakwenda kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, nyuma ya seti ya chai ya wageni, ambako kitinda mimba hafiki na paka hapandi.